Plagi Bapa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Leo nimeamua rasmi kuwa mpiga gitaa wa kwanza wa bendi yetu. Bendi yenyewe bado haijaambiwa.

Mambo yako hivi. Jumamosi ya tarehe 16 tunapiga kwenye mahafali ya chuo cha ualimu. Wimbo wa kufungulia una solo ndefu ya gitaa. Kiongozi wetu, mama mpiga tarumbeta mwenye mapafu kama mivukuto, amesema solo atampa yule atakayesikika vizuri kwenye mazoezi ya mwisho, Alhamisi tarehe 14. Wapiga gitaa tuko wawili. Mimi na Sharubu.

Sharubu ana ubao wa kupangia pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa. Wa kununua! Wa alumini, una hata begi lake. Pedali zake tano zimejipanga juu yake kama wanafunzi wanaopigwa picha ya darasa. Mimi ninazo saba, lakini nazibeba kwenye ndoo tupu ya rangi kutoka dukani ninakouzia rangi za nyumba. Kuzipanga sakafuni na kuziunganisha hunichukua dakika ishirini na tano. Waya zangu ndefu kama kamba za kuanikia nguo. Juzi zilimnasa Kiongozi mguu, nusura aanguke na tarumbeta mdomoni.

Dawa yake: ubao wangu mwenyewe. Tayari nimeupata. Rafu ya chini ya kabati la nguo, mbao safi kabisa. Ilikuwa imebeba mashuka tu.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kauliza rafu iko wapi. Nikasema iko kwenye matengenezo. Kauliza mashuka je. Nikasema yako mahali salama. Akainama, akayatoa chini ya kitanda, akayakung'uta vumbi bila kusema neno. Bora angesema.

Nimepanga pedali kwenye rafu. Zimeingia tano. Kusema kweli zenyewe zinaingia zote saba, tena kwa raha. Shida ni plagi. Kila pedali ina tundu ubavuni, huku na huku, na plagi zangu zimenyooka kama misumari ya paa. Mbili zikikutana kati ya pedali na pedali, zinakula nafasi ya pedali nzima. Nikajaribu kusukuma. Kitu kikalia ka! Nikaacha kusukuma.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Nimechunguza ubao wa Sharubu kwa mbali. Pedali zake zimebanana, kidole hakipiti. Anatumia plagi gani? Kumuuliza ni kujidhalilisha. Nikasubiri watu watoke kunywa chai, nikalala kifudifudi na futi ya kushonea ya mke wangu, nikaanza kupima.

Sharubu akarudi. Kasahau kikombe chake!

Nikamwambia natafuta kifungo cha shati langu. Nilikuwa nimevaa fulana. Naye, kwa ule ukatili wake wa upole, akapiga magoti kunisaidia. Tumetafuta kifungo kile dakika tano nzima. Mwishoni akaitazama futi mkononi mwangu, akasema:

"Kama ni plagi, ndugu yangu, hizi zangu ni bapa, za kona. Waya unatokea ubavuni, hautokei nyuma."

Akachomoa moja akanipa niishike. Nyembamba, ya duara, kama biskuti. Nikaigeuzageuza, sikutaka kuirudisha. Akasema nyumbani anazo chache za ziada, ataniletea. Nikakataa kwa adabu zote. Yaani nishinde solo kwa plagi zake, halafu aje awahadithie wajukuu zangu? Thubutu!

Ijumaa, 8 Machi

Duka la vifaa vya umeme. Nikamwambia muuzaji nataka plagi bapa kumi na mbili. Pedali saba, waya sita, kila waya vichwa viwili. Nilipiga hesabu hiyo mara nne, na mara tatu nilipata kumi na mbili.

Akaniwekea aina tatu mezani. Ya kwanza ni ya kona lakini nene, ina kisigino kama kiatu cha harusi. Hapana. Ya pili ni bapa, waya unabanwa kwa skrubu. Ya tatu ni bapa zaidi, lakini lazima ulehemu. Muuzaji akanishauri ya tatu. Akasema ya skrubu hulegea ikikanyagwakanyagwa.

Nikacheka kimoyomoyo. Huyu anataka kuniuzia na lehemu. Nikachukua za skrubu.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi: waya sita tayari kabla chai haijapoa! Pedali zote saba zimeenea kwenye rafu, na nafasi ya kidole imebaki. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akauliza kama sasa rafu imeshatengenezeka.

Nikapiga. Sauti tamu. Nikakanyaga pedali ya mwangwi. Kimya. Nikatikisa, ikarudi. Nikakanyaga ya mkwaruzo. Kimya. Nikakaza skrubu zote na bisibisi. Moja ikakata waya kabisa.

Mchana: nimerudi dukani na kuomba nibadilishiwe, nichukue za kulehemu. Nimemwambia muuzaji kwamba za skrubu zilikuwa za majaribio. Akanibadilishia bila ubishi. Watu wa aina hii ndio hunichosha.

Jumapili, 10 Machi

Nimeazima chuma cha kulehemu kwa shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Nilimwambia nataka kurekebisha redio. Sitaki mikono ya watu kwenye ushindi wangu.

Nafasi kati ya pedali na pedali ni sentimita tatu. Nikakata waya sita, kila mmoja sentimita tatu. Hesabu ni hesabu.

Nimelehemu kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Nimeunguza kidole gumba, kitambaa cha meza, na kidole gumba tena palepale. Nikamaliza zote sita. Nikaenda kuzichomeka.

Hazifiki! Hata moja! Waya unatoka ubavuni mwa plagi, kisha sharti upinde kona ndipo uende kwa jirani yake. Mimi nilipima kana kwamba utapaa moja kwa moja. Nimekaa sakafuni nikizitazama plagi zangu kumi na mbili, mbili mbili, zimekumbatiana kama mapacha.

Mke wangu kaniletea chai. Alikaa nami kidogo, akakipulizia kidole changu.

Jumatatu, 11 Machi

Baada ya kazi nimekwenda kibandani kwa shemeji kuungama. Redio hakuna, kuna plagi. Akasema alijua, redio ya nyumbani kwetu aliichukua yeye mwezi uliopita, na hajairudisha.

Akachukua kazi yangu moja, akaisogeza karibu na taa.

"Shemeji, hii ni lehemu au ubani uliotafunwa?"

Mteja aliyekuwa anasubiri simu yake alicheka mpaka akaomba kiti.

Lakini ana mikono ya ajabu yule binti. Alifumua zote, akakata waya mpya na kuuachia nafasi ya kujikunja. Akanionyesha kwamba unapasha kwanza chuma cha plagi, ndipo unakipelekea lehemu, nayo inajitandaza yenyewe kama siagi. Halafu unabandika kipande cha utepe wa plastiki ndani ya kifuniko, kwa sababu plagi ni bapa mno, kifuniko kikigusa waya wa kati sauti inakufa. Alitengeneza nne, na ya tano ya akiba kwa plagi mbili za kibandani kwake. Mimi nikatengeneza mbili. Nitasema tuligawana kazi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeunganisha zote. Kimya cha makaburini. Nimeangalia amplifaya, imewashwa. Nimeangalia gitaa, lina nyuzi.

Shemeji alinipa kipima waya kinacholia pii pale umeme unapopita. Nikapima mmoja mmoja. Tano nzima. Wa sita unalia kila mahali, hata pale usipotakiwa. Ni wa kwangu. Sikubandika utepe. Nilidhani utepe ni wa urembo.

Nikabandika. Nikapiga kamba ya chini. Ilitoka sauti pana, laini, haina mvumo wala mchakacho, mpaka glasi kabatini zikaitikia. Nikapiga wimbo mzima. Nilipoinua macho mke wangu alikuwa mlangoni, mashuka mikononi, hajui ayaweke wapi. Akasema, "Piga tena."

Nikapiga mara nne.

Alhamisi, 14 Machi

Mazoezi ya mwisho. Nimeingia na rafu kwapani. Nimetandika, nimechomeka, dakika moja! Bendi nzima imeduwaa. Sharubu akainama kuzitazama plagi, akasema zimekaa vizuri sana. Najua wivu nikiuona.

Zamu yangu ikafika. Hapo nikaingiwa na woga. Je, nikikanyaga pedali na kitu kikalegea? Basi sikukanyaga hata moja. Nikapiga solo yote hivi hivi, vidole na nyuzi.

Kiongozi akaweka tarumbeta chini. Akasema miaka sita amekuwa akinisikia nikicheza na vidude, leo kwa mara ya kwanza amenisikia nikipiga gitaa. Solo ni yangu.

Ni wazi haelewi mambo ya plagi. Lakini masikio yake yameelewa.

Jumamosi, 16 Machi

Mahafali. Ukumbi umejaa, wahitimu wamevaa majoho, wazazi wamesimama mpaka madirishani. Dakika kumi kabla ya kuanza, waya mmoja wa Sharubu ukafa. Akawa anaubinya huku na huku, jasho linamtiririka kwenye sharubu.

Nilikuwa na ule wa akiba mfukoni. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma humu: nilikwenda kwanza kunywa maji. Nikanywa glasi mbili, polepole. Kisha nikamwona anaanza kufunga begi lake. Nikarudi nikampa. Akaushika kwa mikono miwili, akaniita kaka.

Tukapiga. Yeye chini, mimi juu, na Kiongozi akatupulizia katikati. Watu waliinuka vitini. Mke wangu na shemeji walipiga vigelegele mpaka nikakosea noti moja, na Sharubu akaifunika kwa ya kwake isisikike. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 17 Machi

Nilisahau kuandika jambo moja la jana. Baada ya onyesho mkuu wa chuo aliuliza nani katengeneza waya nadhifu vile. Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka hapo, lakini alikuwa anaongea na watu, sikutaka kumsumbua. Nikasema ni mimi.

Akauliza kama naweza kufunga waya za spika za ukumbi mzima. Spika kumi na sita, kupitia darini. Nikamwambia ni kazi ya alasiri moja. Akanipa bunda zima la waya nianze kujiandaa, akasema nifike Ijumaa kupima ukumbi.

Ijumaa! Nani ana muda wa kungoja Ijumaa? Ukumbi nimeuona kwa macho yangu, nilikuwa jukwaani. Nimeamka mapema leo na kukata waya zote kumi na sita. Sawasawa, nadhifu, bila kuacha hata kipande cha kupoteza.