Usukani wa Trekta la Baba

Jumatatu, 4 Machi
Usukani wa trekta la kukatia nyasi unacheza. Nauzungusha nusu duara ndipo magurudumu yanakumbuka kugeuka. Trekta ni la marehemu Baba. Tangu atutoke, miezi mitano sasa, mimi ndiye ninayefyeka uwanja wa zahanati iliyo mbele ya nyumba yetu, kama alivyokuwa akifanya yeye. Kaka, fundi wa kuchomelea mageti, amechungulia chini ya usukani akasema pini inayoushikilia imelika. Nisiliguse hadi Jumamosi, ataleta mpya. Nimeitikia vizuri. Kimoyomoyo nimekataa. Akilitengeneza yeye, Mama atasema alichukue yeye.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata mkebe wa maziwa, nikasokomeza kipande cha bati kati ya usukani na fimbo yake. Nimejikata kidole. Kule zahanati, muuguzi akauliza nyasi zitafyekwa lini, maana wagonjwa wanalowana umande hadi magotini. Nimemwambia asiwe na shaka. Akanifunga bendeji kubwa kuliko kidonda. Nadhani kusudi.

Jumatano, 6 Machi
Bati limechomoka. Nimetoa pini ya zamani, nikagongomea msumari mahali pake. Usukani umetulia tuli. Pini mpya ya nini? Nimemwomba Mama kesho akae barazani aniangalie. Ametabasamu kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.
Mama alitoka na kiti chake. Muuguzi alisimama mlangoni, wagonjwa wamejaa dirishani. Mistari minne, yote imenyooka. Kwenye kona nikazungusha usukani, msumari ukavunjika, usukani ukabaki mikononi mwangu. Trekta likaendelea na safari yake. Nilipokumbuka kuzima injini, lilikuwa limeshapita juu ya mawaridi ambayo Baba aliyapanda mwaka Mama alipolazwa pale zahanati, ayaone akiwa kitandani. Halikubaki hata shina.
Wagonjwa walicheka. Mama alibeba kiti chake akarudi ndani. Afadhali angenitukana. Nilimfuata hadi jikoni kuomba radhi, na usukani bado nimeushika.

Ijumaa, 8 Machi
Mama hajala. Mimi nimekula, lakini kwa huzuni.

Jumamosi, 9 Machi
Kaka amekuja na pini. Dakika kumi, kazi imekwisha. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Baadaye nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamsikia Mama akimwuliza kwa nini asilichukue tu hilo trekta.
“Mwachie mwenyewe, Mama,” Kaka akasema. “Tangu Baba aondoke, ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani.”
Mama akasema basi, abaki nalo.
Nikaenda kukaa bafuni muda mrefu. Wiki nzima nimepigana vita na mtu ambaye hata hakujua kuna vita.

Jumapili, 10 Machi
Nimefyeka uwanja wote. Usukani unatii. Nimeapa kuanzia leo kumsikiliza Kaka kwa kila jambo.
Breki ndiyo haishiki sawasawa. Kaka amesema nisiliwashe tena hadi Jumatano, atapita. Lakini Kaka ana kazi nyingi, si vizuri kumsumbua kila mara kwa vitu vidogo. Nimesubiri Mama aanue nguo, nikakata waya wa kuanikia. Unatosha kabisa kufungia breki.