Mtoto Wangu Anakimbia Nyuma

Leo nimejiaibisha, tena kwa maiki. Hakuna mtu aliyenisukuma. Nilisimama mwenyewe.

Nawaandikia nyinyi wa grupu hii kabla Ochieng hajawafikia. Yeye akisimulia ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Asubuhi tulikuwa kwenye kituo cha chai hapa karibu na Kabianga, magunia chini, tukingoja lori la kiwanda. Lori likichelewa sisi wazee hubishana. Leo ubishi ulikuwa ule wa kila siku: katika kaunti yetu ya Kericho, ni nani alikuwa na mbio kuliko wote? Mimi nikasema ni marehemu Arap Mosonik, aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kwa miguu na kurudi kabla chai yake haijapoa. Ochieng akacheka. (Ochieng ni fundi wa boila kule kiwandani, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Anacheka kama injini ya posho mill ikisaga mahindi.)

"Huyo alipimwa na nani, Mzee Tonui? Na kikombe?"

"Alipimwa na macho yangu."

"Mtu wa mbio ni yule ana medali. Huyo wako alikuwa mchukuzi wa maziwa."

Nikamwambia basi angoje, medali inakuja. Kijana wangu Kipkirui yuko Amerika, huu mwaka wa pili. Chuo kilimchukua kwa sababu ya mbio zake za mita mia mbili. (Siku yule Mzungu wa chuo alipokuja kumtazama, nilimfungua kijana mdomo nikaonyesha meno. Nilidhani ni kama kuandikisha makurutu wa jeshi. Mzungu akachungulia, akasema meno ni mazuri. Kumbe ilikuwa adabu tu.)

Hapo hapo simu ikalia. Meseji ya Kipkirui! Nikaisoma kwa sauti ili Ochieng aumie.

"Chamgei Baba. Habari njema. Kocha amenifanya running back wa timu. Naanza Jumamosi."

Nikaisoma tena, polepole.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini maneno hayo mawili nayajua. Running ni kukimbia, hiyo hata mbuzi wa Kericho anajua. Back ni nyuma. Neno hilo nililipigia kelele miaka kumi na miwili nikiwa turnboi wa lori la chai, nikimwongoza dereva kurudi nyuma. Back! Back! Simama! Mpaka nikanunua lori langu mwenyewe. Mtu asinifundishe back.

Kwa hivyo mtoto wangu anakimbia nyuma. Tena si kwa bahati mbaya. Amepewa nyuma kama kazi! Na anaiita habari njema!

Ochieng akajikuna kichwa. "Mzee, si back ni beki? Labda siku hizi anacheza mpira."

"Mpira gani? Alienda kukimbia. Na tangu lini beki akakimbia? Beki anasimama kwa goli."

"Basi hapo sijui," akasema.

(Angejua hapo, nisingekuwa naandika hii.)

Nikaenda nyuma ya magunia, nikafinya ile alama ya sauti, nikasema: "Kipkirui. Nimesikia unakimbia nyuma. Sisi hatuna mtu wa nyuma kwetu. Usiniite baba tena mbele ya hao watu. Vua jezi yao, rudi uchume chai. Hapa angalau utatangulia ng'ombe." Nikatuma. Kwao ilikuwa usiku, nadhani alituma yake akalala; tiki zikabaki kijivu. Nikajisikia mwanaume. Majani yangu yakapimwa, nikaenda nyumbani kuvaa koti.

Koti lilikuwa la mkutano wa saa nane. Mwalimu Rotich, anayefundisha vijana mbio, alikuwa ameita wazazi kwenye uwanja wa shule. Kuna mgeni wa vyuo vya Amerika anakuja mwezi ujao kutafuta vijana wengine, na wazazi wanaogopa. Mimi nikiwa mzazi ambaye wake tayari yuko huko, niliombwa niseme machache ya kuwatia moyo.

Wazazi kama sitini hivi. Watoto wao wamekaa kwenye nyasi na viatu vyao vya kukimbilia. Mwalimu akanipa maiki.

Nikawavunja moyo.

"Wazazi," nikasema, "mimi ni mtu wa ukweli. Mtoto wangu aliondoka hapa akiwa wa kwanza. Hakuna aliyeona uso wake kwa mbio, wote waliona mgongo. Leo wamemweka nyuma! Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake. Hao watu wanachukua wetu ili wa kwao wapate wa kushinda. Shikeni watoto wenu!"

Mimi nikiongea naongea. Nilimwona mama mmoja ameinuka, akashika binti yake mkono. "Chelangat, twende. Hatutaki mambo ya nyuma." Mwingine akafuata. Mwalimu Rotich akaja mbio.

"Mzee, nionyeshe hiyo meseji."

Nikampa. Akasoma. Akasoma tena. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Umeelewa hapa, Mzee?"

"Back ni nyuma, Mwalimu."

Tulikuwa tunaongea polepole, watu wawili wazima. Lakini maiki ilikuwa mkononi mwangu na haikuwa imezimwa. Uwanja mzima ulisikia.

"Mzee Tonui," akasema, "huko wana mpira wao wa kushika na mikono, unafanana na raga. Running back ndiye anapewa mpira akimbie nao. Timu yote inamfungulia njia. Huyo si wa mwisho. Ndiye wanamtegemea."

Nikasema, "Eeh?" (Hiyo pia ilisikika.)

"Huko kuna wazee kama nyinyi wa kituo cha chai. Kazi yao ni kubishana ni running back gani bora kuliko wote waliotoka jimbo lao. Kijana wako ameingizwa kwa ubishi huo."

Kutoka nyuma ya umati nikasikia sauti ninayoijua. "Si nilisema beki!"

Wakacheka. Wakacheka mpaka mama Chelangat akakaa tena. Nikarudisha maiki na kuanza kuondoka kinyumenyume, maana sikutaka kuwapa mgongo. Hapo vijana wakaanza: "Back, Mzee! Back! Kata kulia! Back! Simama!"

Na miguu yangu, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, ikasimama.

Nilisimama hapo katikati ya uwanja kama lori.

Sasa mngedhani hayo ndiyo mabaya. Nilipofika kwenye uzio nikatoa simu. Tiki zilikuwa za buluu. Kijana alikuwa ameamka, na kitu cha kwanza alichosikia leo ni sauti ya babake ikimwambia asimwite baba.

Nikaenda nyuma ya vyoo vya shule nikarekodi nyingine. Mimi nimejenga nyumba, nimenunua lori na shamba, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote samahani. Neno lilikataa kutoka. Mara ya kwanza nilikohoa tu. Mara ya pili nilimweleza habari ya mvua. Mara ya tatu nikasema: "Kipkirui. Ni mimi. Ile ya asubuhi sikujua ninachosema. Kaa hapo hapo walipokuweka. Samahani." Nikatuma.

Nyumbani mke wangu, Mama Kipkirui, alikuwa ameshapata habari. Aliweka chakula mezani, akasimama.

"Ni kweli ulimwambia mtoto asikuite baba?"

"Nilidhani..."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Akaenda kukamua ng'ombe. Hajarudi kuongea na mimi.

Saa moja iliyopita Kipkirui amejibu. Ameandika: "Nimekusikia."

Basi. Huyu kijana hajawahi kuniandikia bila kuweka Baba. Hata akiomba nguo za baridi anaweka Baba. Sauti zote mbili zina tiki za buluu. Zote amezisikia, lakini sijui ni ipi ameshika. Nimepiga simu, haishikwi. Labda yuko darasani. Labda yuko mazoezini. Labda anakunja jezi.

Kwa hivyo msicheke kwanza. Yeyote anayejua huo mpira wa Jumamosi unaonyeshwa wapi aniandikie, nikaangalie kama ataingia uwanjani.