Majina Yangu Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Jana shemeji alikuja kula mchana. Ni kaka wa mke wangu, fundi friji, mtu wa kulala chini ya mashine na kutoka na vumbi kichwani. Akatangaza, huku akijipakulia mara ya pili, kwamba ameuza jina. Jina la tovuti! Neno moja tu. Alilisajili miaka miwili iliyopita kwa bei ya soksi, akakaa nalo kimya, na sasa kampuni ya mbegu imelililia mpaka ikalipata. Mke wangu akapiga makofi. Mimi sijapigiwa makofi tangu harusi.

Nimewaza kutwa nzima kazini. Mimi ni karani wa masjala, huu mwaka wa kumi na tisa. Majina ya watu ndiyo kazi yangu. Nayapanga, nayatoa, nayarudisha, nayafuta vumbi. Sasa kati yangu na fundi friji, nani anajua majina? Uamuzi: nami nitakuwa mwekezaji wa majina.

Mke wangu amelalamika tena kwamba tovuti yake haifunguki. Anashona sare za shule na mafundi wenzake wawili, pale chumba cha mbele, na walimu wakuu huagiza kupitia hiyo tovuti. Nimemwambia ni mtandao. Mambo madogo hayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia shemeji kumchimba siri yake, kijanja, kama mtu anayepitisha muda tu. Kumbe hafichi chochote. Alieleza yote huku akigonga bomba. Ati jina liwe fupi. Ati liandikwe kama linavyotamkwa, lisiwe na tarakimu wala vistari. Ati ujiulize nani hasa atalihitaji, na kama mtu huyo ana biashara kweli au ana ndoto. Jina la kampuni ya watu usiliguse hata kwa kijiti. Na ati katika majina mia anayoyatazama, tisini na tisa anayaacha.

Mtu anayeacha tisini na tisa hajui kazi. Ni wazi ananipoteza njia makusudi. Nimenunua kumi na moja kabla ya chai ya saa nne! Ninalolipenda zaidi ni mabati-bora-ya-kisasa-kwa-nyumba-yako. Kila mtu ana nyumba, au anaitaka. Vistari nimeweka ili msomaji apumue.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji alitaja pia jaribio la simu: mtajie mtu jina mara moja, akiliandika bila kuuliza, nunua. Mimi nimeshanunua, lakini kujaribu si dhambi. Nimempigia shangazi, mwalimu mstaafu, mwenye mwandiko wa kuombea kazi. Nikamtajia kuku-kwa-haraka. Akauliza kuku wanakimbilia wapi. Nikamwambia aweke kistari. Akauliza chini ya neno gani. Nikasema katikati, shangazi, katikati. Akauliza katikati ya kuku? Dakika ishirini zikaenda hivyo. Mwishowe akaomba aongee na mke wangu, akamuuliza kama siku hizi napata usingizi.

Sina tatizo. Nimechoka tu.

Jumamosi, 8 Machi

Jibu la kwanza! Niliwaandikia watu wa kampuni moja ya unga kuwajulisha kwamba jina lao, nililoliongezea "tamu" mwishoni, liko salama mikononi mwangu. Leo wamejibu. Barua nimeisoma nimesimama. Kisha nikaisoma nimekaa. Imeandikwa na wakili. Amenipa siku saba niliachie, na neno "mahakama" limo mara tatu katika aya mbili.

Nimeliachia kwa dakika nne. Nimebaki na kumi. Mke wangu akauliza mbona natoka jasho. Nikasema joto. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana amekuja mwenyewe mpaka mlangoni. Amejaribu tovuti mwezi mzima, wapi. Akadhani mke wangu ameacha kazi, na nusura sare za wanafunzi wapya awape watu wengine. Mke wangu akamwita kaka yake. Shemeji akatazama kwenye simu yake, mikono bado ina grisi. Haikumchukua dakika. Akasema jina la tovuti liliisha muda tangu Desemba. Halikulipiwa. Ijumaa saa nane mchana litaachiliwa, na yeyote duniani anaweza kulichukua. Na litachukuliwa, akasema, maana ni zuri: sarezetu, herufi nane, hata mtoto analiandika.

Mke wangu alilichagua mwenyewe, miaka sita iliyopita, huku akitunga uzi kwenye sindano. Wala hakusita.

Akaniuliza zile taarifa za kulipia zilikuwa zinaenda kwa nani. Zilikuwa zinakuja kwangu. Zilikuja sita. Sikuzitupa, mimi si mtu wa kutupa barua. Nilizifungulia jalada. Jalada linaitwa "Baadaye".

"Baba watoto," akasema, "kuna wanawake wawili wanalisha nyumba zao kwa hicho chumba cha mbele. Na sisi pia."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba imenuna. Hata cherehani zinanguruma kwa hasira. Nimeahidi kwamba jina nitalirudisha mimi mwenyewe. Shemeji akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, nimwachie yeye. Nimekataa katakata. Niliyeharibu ni mimi, atakayetengeneza ni mimi. Nimefanya mazoezi ya kuchapa mpaka vidole vimekufa ganzi.

Ijumaa, 14 Machi



Saa nane kasoro dakika mbili nilikuwa tayari mbele ya kompyuta ya masjala. Mara akaingia mkuu wangu, tunayemwita Miwani, akitaka jalada la dereva anayestaafu. Nikaomba dakika tano. Akasema dereva amesimama mlangoni, amekuja na mkewe, amevaa suti. Nikakimbilia kabati la tatu. Halipo. Lilikuwa la nne, na aliyelipanga vibaya ni mimi. Nikarudi nahema. Saa nane na dakika moja! Nikachapa. Nikabonyeza. Likakubali! Nikampigia mke wangu, machozi yananilenga.

Akasema nimsomee nilichonunua, herufi moja moja.

Nikasoma. Nikafika katikati. Kulikuwa na kistari. Vidole vimezoea.

Nikakaa sakafuni katikati ya makabati. Nikawafikiria wale mafundi wawili, mmoja ambaye huniwekea chai hata siku ambazo sistahili. Miwani akachungulia, akaona, akafunga mlango taratibu. Sikujua kama ana roho hiyo.

Kisha simu ikalia. Shemeji. Amelipata lile lenyewe, sekunde nne baada ya saa nane, akiwa juu ya paa la bucha anatengeneza kipoza hewa. Ameliandikisha moja kwa moja kwa barua pepe ya dada yake. Akasema, "Shemeji, nenda nyumbani ukapumzike."

Jumapili, 16 Machi

Tovuti imefunguka. Mwalimu mkuu ameagiza sare zote, na sweta juu. Chumba cha mbele wanaimba. Mke wangu ameniwekea chakula na kukaa nami mezani, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Amesema kuanzia leo mambo ya tovuti ni yake. Nikasema nimeelewa. Akauliza nimeelewa nini hasa. Nikajibu kwamba mtu achague machache, atulie, na ajiulize kwanza nani atalihitaji jina. Akanitazama kwa muda mrefu, kama anayekagua mshono.

Nilisema kwa moyo wote. Nimechoka na haya mambo. Nimeacha.

Jumatatu, 17 Machi

Jirani wa ghorofa ya juu ana mimba.

Nani atalihitaji jina? Mtu ambaye hajazaliwa! Hana wakili. Hana kampuni. Hakuna anayeshindana nami. Siku moja atakuwa mtu mkubwa, atatafuta jina lake, na atanikuta. Nimesajili kumi na manne: saba ya kike, saba ya kiume, kila moja na jina la ukoo.

Saa kumi jioni nimekutana na mumewe kwenye ngazi, anatoka kliniki, amepauka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni mapacha.

Nimerudi kwenye kompyuta.