Safari ya Kukwepa Masika

Habari yenyewe ilitoka redioni: huko kaskazini mvua zimewahi, na barabara ya milimani imekatika. Kwa watu wa benchi la fundi viatu, habari kama hiyo ni ya kusukumia kahawa tu. Lakini Randa, seremala, alikunja uso kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huona kipara hata kabla hakijaanza, akamuuliza milima ya watu inamhusu nini.

Randa akajibu haimhusu kitu. Kumbe ilimhusu sana.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipitia mikononi mwake, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita kituo cha mabasi. Alipostaafu alimwambia mumewe kwamba hataki kuku wala bustani, anataka kutembea. Wakakubaliana. Wangebeba mabegi mgongoni na kuzunguka nchi nne kwa miezi, huku wakiikwepa mvua: milimani wakati wa kiangazi, kwenye maziwa masika yakishaisha, kusini kipupwe, halafu nyumbani kabla vuli haijaanza. Randa aliichora njia nzima kwa penseli yake ya kazi juu ya kipande cha plaiwudi, akakiegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Jioni walikuwa wakibishana mbele yake kwa raha, kama wachumba wanaochagua mapazia. Hapo kijiweni hakusema neno. Aliwajua wenzake.

Siri ilitoboka siku ile ile. Mama Mapacha alitokea kwenye kona amekumbatia mabegi mawili mapana, akamwambia fundi viatu, ambaye wote humwita Soli, amshonee mikanda kwa uzi ule mnene. Soli akayageuzageuza, akauliza ni nani anayehama.

"Hatuhami, shemeji. Tunakwenda kutembea, mimi na mwenzangu huyo. Mvua zimewahi kaskazini, kwa hiyo tutaanzia ziwani."

Benchi zima likamgeukia Randa. Wembe ndiye aliyeanza. Alitaka kujua tangu lini mtu mzima akajitwika nyumba mgongoni kama kobe, ilhali anayo nyumba yenye bati na kitanda alichokichonga mwenyewe. Soli akadakia kwamba kuipangia mvua ratiba ni kazi ya Mungu, na Mungu hajatangaza nafasi ya msaidizi. Waraka, karani mstaafu anayeongea kama anasoma barua ya serikali, alikohoa kwanza. Kisha akawakumbusha kuwa wahenga walikwisha kulimaliza suala hilo: mtembezi hula miguu yake.

"Na mkaaji je, Mzee Waraka?" Mama Mapacha akauliza. "Yeye hula nini? Maana hapa naona mnakula maneno, na wala hamshibi."

Waraka akainamia kikombe chake cha kahawa. Wembe, akijua pa kupenya, akamrudia Randa na kumuuliza kama kweli naye yumo katika mambo hayo.

Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu. Randa aliliona neno lenyewe, akaona na meno ya Wembe yakimngoja, akacheka kicheko kikavu.

"Ah, hayo ni mambo ya mama watoto. Mnawajua wanawake wakistaafu."

Wakacheka wote. Mama Mapacha hakucheka wala hakununa. Alimtazama mumewe kama alivyokuwa akiwatazama wanaume waliozirai kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, halafu akamgeukia Soli na kumwambia ashone begi moja. Jingine lina mwenyewe mwingine, na huyo atakuja na uzi wake.

Alikwenda na mdogo wake, mjane asiyejua kusoma ramani lakini anayejua kuamka. Waliondoka kabla jua halijachomoza. Randa aliwabebea mizigo hadi kituoni, na njia nzima hakuambiwa neno baya. Hilo ndilo lililomuuma.

Akarudi kijiweni akidhani atapata faraja. Alikuta upepo umegeuka. Watu wale wale waliomcheka kwa kutaka kwenda sasa walimcheka kwa kubaki. Wembe alimuuliza kama mkewe amemwachia funguo au atakuwa anaingilia dirishani. Soli alishangaa mwanamume gani huyo, mkewe anavuka mipaka na yeye hata kivuli cha benchi hakivuki. Waraka akatoa hukumu kwamba mume wa kweli angeshikilia neno lake. Randa alimkumbusha habari ya mtembezi na miguu yake. Waraka akasema wahenga walikuwa wakizungumzia wazururaji, si wenye wake.

Nyumbani, ule ubao wa jikoni ulimtia aibu kuliko benchi. Kila mkewe alipopiga simu, Randa aliuliza habari za mvua tu, kama mtangazaji, kisha wakaagana. Mpaka siku aliposikia wale ndugu wawili wamefika milimani katikati ya mvua yenyewe, wamelowa chapachapa, na nyuma ya sauti ya mkewe shemeji yake anacheka hadi anakosa pumzi. Randa hakukumbuka ni lini alicheka hivyo.

Kesho yake akaja kijiweni na begi, akasimama mbele yao. "Mambo yale hayakuwa ya mama watoto peke yake," akasema. "Tulipanga wote, na mimi ndiye niliyechora njia. Namfuata."

Wembe alimwambia huu si msimu wake. Waraka alisema hatafika hata mji wa pili. Randa hakubishana. Alimpigia mkewe simu, akaiweka spika ili kila mtu asikie, akamwambia anakuja, mvua na iwe mvua.

Simuni mvua ilisikika ikipiga bati la watu.

"Uko wapi sasa hivi?" Mama Mapacha akauliza.

"Niko hapa kijiweni. Nawaaga."

"Basi bado hujaanza safari."

Benchi likavunjika mbavu, na hata Waraka alicheka. Walipofuta machozi kumtafuta Randa wamwongezee kejeli, kikombe chake kilikuwa bado kinafuka moshi, na yeye ameshakunja kona.