Ada ya Kufuta Aibu

Siku Sabuni alipoigundua kazi yake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi alikuwa ameacha mashine ikinguruma hewani, anacheka mpaka machozi. Kwenye simu yake, mwalimu wa udereva alikuwa akimwonyesha mwanafunzi jinsi ya kurudi nyuma kwa usalama, na gari lilirudi kwa usalama kabisa mpaka ndani ya banda la kuku.

"Masikini wa Mungu," alisema kinyozi kwa huruma, akaituma video ile kwa watu kumi na wawili.

"Huyu bwana," Sabuni aliuliza, "unadhani angetoa nini ili hii kitu ifutike?"

"Angetoa figo."

Nusu ya pili ya kichwa ilinyolewa kwa haraka isiyo ya kawaida. Kesho yake video ilikuwa kwenye ukurasa mpya uitwao Aibu Zao, na keshokutwa yake Sabuni alikuwa mlangoni kwa mwalimu wa udereva, tai shingoni, mkoba mkononi, akijitambulisha kama mtaalamu wa usafi wa mitandao.

"Mimi ni sabuni, kaka," alisema. "Mitandao ikikuchafua, mimi nakutakasa."

Mwalimu alilipa. Sabuni akabonyeza mara mbili, akamwonyesha: haipo. Kwamba ilikuwa bado ipo kwenye simu mia nane nyingine, hilo halikuulizwa, na Sabuni hakuwa mtu wa kujibu maswali yasiyoulizwa.

Baada ya hapo aliona kungoja watu waaibike wenyewe ni uvivu. Akaanza kutembea mjini simu ikiwa imesimama mfukoni mwa shati, jicho la kamera likichungulia. Alimnasa karani wa posta akichokonoa pua kwa bidii ya mchimba kisima. Alimnasa mwenyekiti wa mtaa akishindwa kwenye ugomvi na mwavuli wake mwenyewe. Anaposti asubuhi, anafuta jioni kwa malipo. Tumtendee haki: alikuwa na maadili. Watoto hakuwarekodi kamwe. Watoto hawana pesa.

Ndipo alipopita chini ya dirisha la fundi mapazia.

Fundi alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye karakana ndogo iliyojaa vitambaa kutoka darini hadi sakafuni. Mchana ule hakukuwa na mteja. Redio ilipiga wimbo wa zamani, na fundi akainuka kwenye cherehani, akajifunga pazia jeupe la nyavu kichwani, akakumbatia jingine la rangi ya udongo, akacheza. Alicheza taratibu, macho yamefumbwa, mdomo unasema jambo. Sabuni, dirishani, alirekodi dakika nzima. Akaandika chini yake: *Bibi harusi katafuta mume, kapata pazia.*

Akaposti, akanywa chai kwenye mgahawa wa pembeni, akabisha hodi.

"Mama, samahani. Nimekuja kwa jambo zito. Kuna video yako inazunguka."

"Video gani?"

Alimwonyesha. Fundi aliitazama mpaka mwisho. Vidole vyake vilikwenda kwenye futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, vikaishika.

"Unajua nilikuwa nacheza na nani?" aliuliza.

"Na pazia, mama."

"Na mume wangu. Wimbo ule tulioana nao." Akaiachia futi. "Watu wangapi wameiona?"

"Elfu moja na mia mbili. Ila mimi naweza kuifuta. Kuna ada kidogo tu ya usafi."

Fundi alitazama pembe ya picha, palipoonekana fremu ya dirisha lake mwenyewe. Alitazama saa ya ukutani. Video ilikuwa na umri wa dakika ishirini na tano. Hata mabinti zake, ambao huona kila kitu, walikuwa bado hawajapiga simu. Na mdogo wake, mwalimu wa udereva aliyekuwa haongei na kuku tangu mwezi uliopita, alishamsimulia kuhusu bwana mmoja wa tai na mkoba.

Kuchukua mkasi wa kitambaa lilikuwa wazo la kwanza. Akaliacha.

"Usifute," alisema.

Sabuni alikohoa. "Usi... nini?"

"Simu imelia sasa hivi kabla hujaingia. Hoteli. Wamemwona bibi harusi wa mapazia, wanataka niwashonee vyumba sitini. Sikuwaelewa mpaka uliponionyesha." Hakuna simu iliyokuwa imelia. "Nataka huyo aliyerekodi nimtafute, arekodi nyingine. Tugawane nusu kwa nusu. Wewe kwa utaalamu wako, humfahamu?"

Hapa mtu mwenye busara angeaga. Lakini vyumba sitini vilikuwa vimeshaingia kichwani mwa Sabuni, vimewekwa vitanda na kuwashwa taa.

"Mama," alisema, akilegeza tai, "unaongea naye."

"Acha utani. Wewe ni mfutaji."

"Nafuta, narekodi, naposti. Kila kitu mimi."

"Waongo ni wengi mjini, mwanangu. Nithibitishie."

Akathibitisha. Alifungua ukurasa wa Aibu Zao mbele yake, akaingia mpaka jikoni kwake, anakoingia mwenye ukurasa tu: video zote, hata zilizolipiwa kufutwa, karani na pua yake, mwenyekiti na mwavuli wake, banda la kuku limehifadhiwa pembeni kwa matumizi ya baadaye. Alieleza kila moja, nani alilia, nani aliomba apunguziwe. Alikuwa amefika kwenye kuku, anacheka, pazia la zambarau nyuma yake lilipofunguka.

"Endelea," alisema mwalimu wa udereva, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma tangu chakula cha mchana, simu ameinua usawa wa uso. "Hapo kwenye kuku umefanya vizuri sana. Tazama huku kidogo."

Sabuni alijaribu mlango. Fundi alikuwa ameshaukalia, kiti na yeye mwenyewe.

"Mama, kaka, tuongee kama watu wazima. Msiniposti. Nina mchumba. Nina mama mzazi, ana presha."

"Na mimi nina mabinti," alisema fundi. "Anza kufuta."

Alifuta zote, moja moja, kisha akaufunga ukurasa wenyewe. Alimrudishia mwalimu fedha alizokuwa amelipwa, mpaka sarafu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kuhusu video yake mwenyewe.

"Inafutika," alisema fundi. "Kuna ada kidogo tu ya usafi."

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Mwalimu akabonyeza mara mbili, akamwonyesha kioo kitupu. Sabuni aliondoka akisahau mkoba, ambao ndani yake, walipofungua, mlikuwa na gazeti na chanuo.

"Dada," alisema mwalimu baadaye, "nikuambie ukweli? Sikurekodi kitu. Simu imejaa, ilikataa."

"Na ingekubali, ungewatumia watu?"

Mwalimu alifikiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wawili, watatu tu. Wa karibu."

Kimto cha kuchomekea pini kiliruka kutoka mkononi mwa fundi, kikampata begani.

Video ya dansi haikufutika kweli. Ilikuwa imeshapakuliwa na watu ambao hawatajulikana kamwe, na miezi baadaye mgeni alimcheka fundi sokoni, akamwita bibi harusi. Fundi alilia njiani siku hiyo. Kesho yake alifungua redio kama kawaida, ila kwanza alishona pazia zito la dirisha lile.

Sabuni je? Hana kazi maalumu siku hizi. Anapita mjini, na popote watu wanapocheka juu ya simu, anageuza njia. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya zahanati, dada mmoja alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Sabuni akavumilia, akashindwa, akamsogelea.

"Samahani, dada. Huyo ni mimi?"

Dada alimtazama kutoka viatu mpaka kipara.

"Kwani wewe nani?"