Kuhusu Mama Yako Kugonga Kuta Zangu

Sánchez, Samaná
Jumatatu

Kwa shemeji yangu mheshimiwa Radhamés,

Natumaini hujambo huko mjini, pamoja na mkeo na watoto. Sisi wazima, ila nyumba haina amani, na chanzo ni mama yako, Doña Eduviges. Kwa heshima zote, naomba uje Jumapili umchukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila asubuhi hupita na kijiko akigonga kuta za mbao alizojenga marehemu babu yangu na kutega sikio. "Hapa tupu kama ngoma," anatangaza, mbele ya wageni!

2. Amehamisha kuni. Baba yangu aliziegemeza ukutani, nami nikaendelea hapo hapo. Mama yako amezipeleka mwisho wa uwanja, eti nimewajengea mchwa daraja. Bomba linalovuja chini ya jiko, ambalo nilikuwa bado nalitafakari, amelitafutia fundi bila idhini yangu.

3. Vile vijia vya udongo vilivyopanda nguzoni, ambavyo nilishavizoea kama mapambo, amevibomoa kwa kisu, akaniita nione wadudu weupe wakikimbia. Nikamwambia, "Mama, hao wapita njia tu." Akanijibu, "Wapita njia gani, mwanangu, wanaokula nyumba na mwenyewe kaketi ndani?" Nereida, dada yako, mke wangu wa ndoa, alicheka hadi akamwaga kahawa.

4. Mvua ya kwanza ya Mei, kumbikumbi walipojaa kwenye taa, alizima taa zote nikiwa nacheza domino na majirani, tena naongoza. Kesho yake akafagia mbawa dirishani, akaniwekea kando ya sahani yangu ya ndizi za kuponda. "Ushahidi," akasema.

5. Sasa anataka niite mtu wa kunyunyiza dawa. Shemeji, dawa ni ya wagonjwa. Mwanamume akishakiri kwamba nyumba yake inaliwa, kesho atakiri nini?

Wasalimie wote, hata yule jirani yako asiyeitikia salamu.

Ni mimi shemeji yako, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Wenceslao Peguero

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii nilitoka nje kwenye roshani kumpungia mkono muuza samaki. Nilipoegemea tu, ukingo ukakatika kama biskuti. Mama yako alinidaka mkanda wa suruali, akanivuta ndani, kisha akaketi sakafuni akilia, "Ningemwambia nini binti yangu?" Hakunisuta hata kwa neno moja. Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo na mbao. Na ukifika, piga hodi kwa mdomo tu, mlango usiuguse.