Nyuzi Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Msimamizi wa gereji amestaafu. Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimekingoja kiti kile. Tajiri, mwenye gereji, akatukusanya. Nikanyoosha kola. Akasema kiti kitashindaniwa.

Malori ya kampuni ya mchanga yanaungua nyaya. Tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na bomba la ekzosi la kutolea moshi vinachemsha kila kitu chini ya boneti. Basi mafundi wawili, kila mmoja avalishe ekzosi na tabo ya lori moja kitambaa cha kuzuia joto. Ijumaa mkuu wa usafiri wa kampuni atakuja kupima. Ambaye tabo yake itasoma joto la chini ndiye msimamizi.

Fundi wa kwanza ni mimi. Wa pili ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana! Alinifuata akasema, shemeji, yeyote atakayekipata, kiti kiko nyumbani. Nikamwambia kweli kabisa, kiko nyumbani. Kwangu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kitambaa kimegawiwa, jora moja kila mtu. Kinawasha kama upupu. Shemeji alisoma karatasi ya maelekezo pande zote mbili, kisha akakiloweka kitambaa kwenye ndoo. Nikauliza kwa sauti kama leo ni siku ya kufua. Gereji nzima ikacheka. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba kikilowa kinavutika na kukaza.

Mimi nilifunga kikavu. Saa moja na nusu, kazi imeisha! Ila kilikuwa kinateleza, nikalazimika kukirudia tabaka juu ya tabaka. Jora likaisha kabla sijafika kwenye tabo. Tabo iko uchi.

Shemeji alibakiwa na kipande cha kutosha kushonea tabo yake kofia, kwa uzi wa chuma, na bomba la oili akaliacha nje. Kikabaki kingine kidogo. Akanipa. Nikamwambia mimi sili makombo.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Shingo inawasha. Mikono inawasha. Mke wangu amenikataza kugusa taulo lake. Anasema mdogo wake alivaa glavu na mikono mirefu, kwani mimi nilikatazwa?

Nilikuwa nimekuja na kipimajoto cha gereji nyumbani, kile cha umbo la bastola, nizoee kukilenga. Nikamlenga mke wangu. Thelathini na nne. Akasema yeye si lori. Nikalenga sufuria nyeusi iliyokuwa jikoni ikitokota. Tisini na nne. Nikalenga birika jipya linalong'aa, linapiga mluzi, mvuke unatoka.

Thelathini na sita!

Nikalenga tena. Thelathini na sita. Chuma kinachong'aa kinakidanganya kifaa! Nikacheka peke yangu. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nilikunywa chai, nikaondoka na karatasi yake ya alumini, ile ya kufunikia vyakula.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Tabo imevaa alumini. Tabaka tatu, nimezilainisha kwa mgongo wa kijiko hadi naona meno yangu. Nikawaambia wenzangu ni mbinu ya ndege. Wakaamini. Wawili wakaomba kupiga picha.

Shemeji hakupiga picha. Aliinama, akatazama sana, akauliza chini yake kuna nini. Siri ya kazi, nikamjibu. Akasema polepole kwamba nyaya za lori hilo zinapita vidole vinne tu kutoka hapo, na dereva wake ana watoto watatu. Nikamwambia ashughulike na lori lake. Anajifanya mchungaji! Ni woga wa kushindwa, basi.

Majaribio: arobaini na tatu. Nikafuta alama za vidole. Arobaini na moja.

Nilimwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa msimamizi. Akasema yeye tayari ni dada wa msimamizi, hana haraka.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mkuu wa usafiri ni mama mfupi, miwani imefungwa kamba, hacheki. Injini zikanguruma nusu saa. Akapima tabo ya shemeji. Mia moja ishirini na saba. Akapima yangu. Arobaini na moja. Makofi! Tajiri akanipa mkono, akaniita msimamizi mbele ya watu wote. Shemeji naye alipiga makofi. Mawili.

Nilikuwa msimamizi kwa muda wa dakika nne.

Yule mama alitazama kifaa, akatazama tabo, akavua miwani. Akasema wiki iliyopita mwanawe alikuwa na homa ya arobaini na yeye alimbeba mgongoni kutwa nzima. Kwa hiyo haoni tatizo. Fundi aweke mkono.

Shemeji akasema, mama, tafadhali, asishike. Ndipo nilipoelewa mchezo wake: anataka nionekane mwoga! Nikatoa tabasamu. Nikaweka kiganja. Chote.

Sitaandika niliyoyasema. Tajiri anasema hajawahi kuyasikia hata kwa madereva. Shemeji ndiye aliyenikokota hadi kwenye maji. Wakati nimeinama, nilisikia yule mama akiuliza jina la fundi wa mia moja ishirini na saba.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Muuguzi alisema ngozi itarudi, kisha akauliza nilidhani nashika nini. Mke wangu ananikatia mkate. Vipande vidogo, kama vya mtoto. Ingekuwa nafuu anicheke.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Shemeji ndiye msimamizi. Amekalia kiti changu. Hata hakukizungusha! Mtu gani anapewa kiti cha kuzunguka asikizungushe?

Lori langu limevuliwa. Nyaya zilikuwa zimeanza kulainika, wakaniletea kipande nikione. Nikakiona.

Kisha akaja hadi kwenye benchi langu, mbele ya watu, akasema, shemeji, yamepita. Mkono ukipona utafunga lori jingine la kampuni, na tutalipima pamoja. Akanipiga bega. Dharau hiyo! Wengine wakasema ana roho nzuri. Wamelishwa nini hawa?

Lakini nimekaa hapa benchini kutwa nzima na akili imetulia. Nimeona kosa langu. Ni moja tu, tena dogo: arobaini na moja ni namba ya kushikika. Kifaa kingesoma tisini, ningempita bado kwa nyuzi thelathini na saba, na hakuna binadamu duniani angeniambia niweke mkono.

Kinachohitajika ni kupaka masizi kidogo pembeni, alumini ising'ae mno. Lori hilo linaingia Alhamisi, mkono wa kushoto unatosha. Nimeliomba.